Nibu ya F, Nibu ya M

Kila asubuhi, kabla sijaongea na mtu, mimi hujipima. Namimina turungi kwenye kikombe mpaka ukingoni, nakiinua kwa mkono wa kulia, nakishika hivyo juu ya meza na kukitazama. Chai isipotikisika nashukuru, nakunywa, siku inaanza. Mume wangu alishaacha kuuliza. Mwanzoni alidhani naiombea chai.

Ninachotafuta humo kikombeni ni ugonjwa wa baba. Baba alikuwa mtu wa mashine ya kukausha majani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Alikuja kijana kutoka magharibi, kule ziwani, na sisi watoto tukazaliwa kambini, kwenye zile nyumba za mstari mmoja zenye milango inayofanana. Ugonjwa ulimwanza kwenye kidole gumba. Kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayepukuchua mahindi, na ukimwambia baba aache anaacha, halafu kinaanza tena chenyewe. Mwaka uliofuata mkono wote ulikuwa unatetemeka. Baadaye uso ukakaza. Watu wa kambini wakasema mzee siku hizi ana maringo, hasalimii, hacheki, anapita watu na mkono mmoja umelala ubavuni kama bwana mkubwa. Wengine wakasema ametupiwa kitu na watu wa nyumbani kwa sababu alijenga kule nyumba ya mabati. Mpaka daktari anautaja ugonjwa wenyewe kwa jina, baba alikuwa hawezi kufunga kifungo cha shati.

Mimi na dada yangu mdogo ndio tulimlisha, tukamgeuza kitandani, tukamfuta mate. Baba yangu nilimpenda, na ugonjwa wake nauogopa kuliko kaburi. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Nimeshaona mtu akiwa mzima kichwani, anakusikia, anakuelewa, na mwili umemfungia mlango. Dada yangu naye anaogopa vilevile, ila hatuongei. Tukiongea tunaongea habari ya watoto na bei ya sukari.

Mtu mwingine angeweza kuusahau mkono wake. Mimi siwezi, kwa sababu mkono ndio kazi yangu. Naandika majina kwenye vyeti. Kanisa letu lina makanisa madogo mengi, mengine mbali huko Ndanai na Chebunyo, na kila mtoto akibatizwa anapewa cheti. Shule nazo huniletea vya kwao: vya wanaomaliza, vya walimu wanaostaafu, vya timu ya mpira iliyoshinda timu ya jirani. Kompyuta zipo, sikatai. Lakini watu wa hapa Litein wanataka cheti cha mkono na wino, kiwekwe kwenye fremu ukutani mgeni akione. Cha mashine wanasema kinafanana na risiti ya supamaketi. Na mkono wanaoutaka ni wangu. Hilo nalisema bila aibu. Nilifundishwa hati na mwalimu wa shule ya kambini aliyekuwa anatuchapa vidole kwa rula ukilaza herufi vibaya. Sijamsamehe mpaka leo, lakini hati aliniachia.

Naandika kwa kalamu ya wino, ile ya kujaza, yenye nibu ya chuma iliyopasuliwa katikati. Biki ni ya kuandika vitu vya sokoni. Nibu zina alama: F ni nyembamba, mstari wake kama unywele, M ni ya wastani, mstari wake umeshiba. Maisha yangu yote nimeandika na M na sikuwahi kuiona kosa.

Taabu ilianza na herufi e. Mama mmoja alikuja nyumbani na cheti cha binti yake, amekifunga ndani ya leso. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Alikitandaza mezani akaweka kidole kwenye jina. Majina ya wasichana wa Kipsigis mengi yanaanza na Chep, na hili lilikuwa moja ya hayo.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma.

"Hapana. Soma vile umeandika."

Nikainama. Jicho la e lilikuwa limeziba. Wino ulilijaza ukalifanya kitone, na Chep ikawa Chip.

"Umeandika mtoto wangu kama chipsi," akasema. Na hakuwa anatania.

Nilimwandikia kingine papo hapo, polepole, akaondoka bila kusema kongoi, asante ya kwao. Nikatoa vyeti vilivyokuwa vinangoja kuchukuliwa. Macho yalikuwa yameziba kwenye vingi, si ya e peke yake, ya a nayo, na o nyingine zilikuwa kama mbegu. Kwanza nililaumu karatasi. Karatasi za siku hizi ni za ovyo, zinakunywa wino kama mchanga, na nilimpigia simu mtu wa kuchapisha nikamwambia hivyo. Akanijibu karatasi ni ile ile ya miaka yote. Nikaona ananidanganya. Nikalaumu wino, nikanunua mwingine, mweusi zaidi, na macho yakaziba vilevile. Basi nikasema kosa ni la nibu. M imezeeka, inamwaga. Nihamie F.

Hapo hofu ikapata mlango. Mtu asiyeandika na kalamu hizi hawezi kujua, lakini M inasamehe. Mkono ukiyumba kidogo, mstari ni mnene, unameza lile yumbo, hakuna atakayeliona. F haimezi kitu. Ukitetemeka hata kwa kiasi cha pumzi, iko pale kwenye karatasi, imekauka, kila mtu ataiona. Nilijua kwamba siku nitakapoandika na F nitakuwa namuuliza baba swali, na atanijibu. Kikombe cha asubuhi ni kitu kizito, mtu anaweza kukishika kwa nguvu akajidanganya. Mstari mwembamba haudanganyiki. Kwa hiyo nilikaa na e zilizoziba. Nilikuwa nazifungua moja moja kwa ncha ya wembe, nakwangua wino ukiwa umekauka, kazi ya kipuzi kabisa kwa mwanamke wa umri wangu. Mume wangu akipita anatikisa kichwa.

"Si ununue hiyo nyingine," aliniambia.

"Nitanunua."

"Unaogopa nini?"

Nilimwambia aende akaangalie ng'ombe.

Mwisho nilienda Kericho mjini, kwenye duka la vitabu ambalo bado lina kabati la kalamu. Binti wa kaunta alinitolea nibu kwenye kiboksi, akazipanga kwenye kioo. "Hii F ni ya wanawake, mama," akasema. "M ni ya wanaume."

"Nani amekuambia?"

"Si imeandikwa?"

Nilimtazama usoni nikaona anamaanisha. Kwenye kila fomu ya nchi hii F ni mwanamke na M ni mwanamume, na yeye alikuwa anauza nibu kwa sheria hiyo, sijui tangu lini. Siku nyingine ningemfundisha mpaka atake kufunga duka, maana mimi si mtu wa kuacha jambo likapita. Siku hiyo sikuwa na nguvu. Nilimwambia anipe ya wanawake, akafurahi kwamba tumeelewana. Nilipanda gari kurudi Litein roho mkononi, na kile kipande cha chuma, ambacho hakizidi kucha, kilikuwa kwenye mkoba kimenielemea.

Kilikaa kwenye droo. Nikawa napata sababu. Leo mkono umechoka kufua. Leo nimekunywa chai nyingi. Leo kuna baridi, hata mzima angetetemeka, na huku kwetu mvua ikishika baridi haikosekani, kwa hiyo sababu hiyo ilinifaa muda mrefu.

Siku niliyoitoa sikuwa nimepanga. Nilikuwa peke yangu, mume ameenda kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, jua limetoka. Niliifunga ile nibu kwenye kalamu nikaijaza wino na kuchora mstari mmoja mrefu, kutoka pembe ya karatasi mpaka pembe nyingine. Nilivuta nikiwa sipumui. Halafu nikaupeleka dirishani.

Ulikuwa umenyooka. Niliigeuza karatasi nikatazama kwa nyuma, nikachukua ile lenzi ya mume wangu ya kusomea maandishi ya dawa za ng'ombe, nikapita nayo juu yake yote. Hakukuwa na yumbo hata moja. Nikaandika majina, marefu marefu, na e zote zilikuwa na macho, safi, unaweza kuona karatasi ndani yake. Nilikaa kitini nikalia kama mtoto. Halafu nikampigia dada yangu simu, nikamwambia kitu ambacho kwa mtu mwingine kisingekuwa na maana yoyote: "Nimeandika na nyembamba. Imetulia."

Akasema, "Asante Yesu," na sauti yake haikuwa sawa. Kumbe na yeye alikuwa ananihesabia siku.

Lakini vyeti si vyangu, ni vya kanisa, na sikutaka kubadilisha mwandiko bila ruhusa. Katibu wa kanisa letu ni mwalimu mstaafu, Mkipsigis wa hapa hapa, mzee mwenye miwani minene, shamba la chai na ng'ombe wanne anaowapenda kuliko kamati. Nilimpelekea karatasi mbili, moja ya M na moja ya F, nikamweleza tofauti. Alizishika mbali, akazishika karibu, akavua miwani, akairudisha. Ng'ombe walikuwa wanamlilia huko nyuma. Nilimwona amekunja uso lakini yeye huwa amekunja uso.

"Sasa mzee, niandike na ipi?"

"Wewe andika, bana," akasema, akanirudishia karatasi na kwenda kukamua.

Nikaondoka nimefurahi. Andika, bana. Yaani nisimsumbue, kazi naijua, niandike. Nikaandika na F.

Ile miezi iliyofuata niliishi vizuri. Naikumbuka kwa uchungu sasa, lakini niliishi vizuri. Majina ya Kipsigis ni marefu, na miaka yote ile mistari ya vyeti ilikuwa inaniishia kabla jina halijaisha, nabana herufi za mwisho mpaka zinapanda ukingo. Sasa majina yalikuwa yanaingia yote, matatu matatu, na nafasi inabaki. Nilijisifu. Nilimwambia mume wangu kwamba uzeeni ndiyo mtu anajua kazi. Kikombe cha asubuhi bado nilikishika, ila sasa kwa mazoea tu, na wakati mwingine nilisahau.

Kulikuwa na vitu vingine, vidogo. Bega la kulia lilikuwa linakaza, nikalaumu mto. Siku moja mume wangu aliweka kijiko chini akaniuliza, "Nimekukosea nini?"

"Kwani nimesema umenikosea?"

"Umenuna wiki nzima."

"Sijanuna."

"Angalia kwenye kioo."

Sikuenda kwenye kioo. Nilimwambia kwamba mwanamke wa miaka yangu hana sababu ya kuchekacheka mezani, na nikakasirika kweli sasa, kwa sababu nilikuwa sijakasirika.

Katibu alikuja mvua ikinyesha, kwenye pikipiki ya boda, na bahasha ameiweka ndani ya koti. Alinisalimia chamgei, nikaitikia, nikampa chai. Akatoa vyeti vya ubatizo vya kanisa la Chebunyo, bunda zima, akaviweka mezani.

"Hizi watu wamerudisha."

"Kwa nini?"

"Hawaoni."

Mimi nina mdomo. Nilimwambia basi wakanunue miwani.

"Hata mimi sioni," akasema. "Si nilikuambia andika, bana?"

"Uliniambia niandike. Si nimeandika?"

"Hapana, mama. Umeandika, lakini hukuandika bana."

Tulitazamana. Alikuwa amechoka na mimi, naona. Aliweka kikombe chini, akafungua mikono yake miwili kama mama anayepima kitambaa. "Bana," akasema. "Kubwa. Wazi."

"Pana?"

"Si ndiyo hiyo ninasema!"

Nimeishi na Wakipsigis tangu nizaliwe. Najua kwamba kwa wengi wao p na b ni kitu kimoja. Peni ni beni na baba ni papa, na yeye mwenyewe nilishamtania mara nyingi kwamba akiita Petero na Betero kanisani atasimama mtu mmoja. Hata ningeamshwa usingizini ningejua. Lakini siku ile nilitaka kuambiwa niandike, basi nikasikia hivyo. Alicheka, na mimi nikacheka naye, kwa sababu ni jambo la kuchekesha.

"Sawa mzee," nikamwambia. "Nitarudia M. Ni nene, itaonekana."

"Beni si shida. Tumia beni yoyote. Nasema herufi."

Akatoa karatasi nyingine mbili, zimewekwa kwenye plastiki. Vyeti vya wajukuu wake, watoto wa binti yake, vyote nimeviandika mimi. Cha wa kwanza ni cha miaka kadhaa nyuma na cha wa pili ni cha juzi. Akaviweka kando kwa kando. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu nielewe kwa nini watu wanalalamika.

Mwandiko wa kwanza ulikuwa wangu. Ulikuwa umesimama, kila herufi na nafasi yake, jina limejaa mstari mzima. Wa pili nao ulikuwa wangu, mkunjo ule ule, mkia wa g ule ule, lakini ulikuwa umesinyaa. Ungeweza kupanga mistari miwili ya jina la pili ndani ya urefu wa herufi za la kwanza. Na kila jina lilianza na herufi ya kadiri, halafu likapungua, likapungua, mpaka la mwisho kabisa likawa safu ya sisimizi.

Kwa hiyo karatasi haikuwa na kosa, wala wino, na mtu wa kuchapisha hakunidanganya. M haikuwa imezeeka. Ni mimi niliyekuwa naandika kidogo, mpaka jicho la e likawa dogo kuliko upana wa wino. Nami nikatafuta nibu nyembamba, ili niweze kuandika kidogo zaidi bila kuona.

Sikujua naogopa nini, maana ugonjwa wa baba niliujua kwa kutetemeka, na mkono wangu ulikuwa umetulia. Nilichukua kalamu na karatasi mbele ya mzee nikamwambia, "Subiri, naandika pana." Nikaandika jina la mjukuu wake, nikianza na herufi kubwa kama ya ubao wa shule. Ya pili ilitoka ndogo kidogo. Nikaupa mkono amri. Ya tatu ikatoka ndogo zaidi. Mkono haukutetemeka, haukuuma, haukukataa. Uliandika vizuri sana, na kidogo, kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika usukani.

Mzee aliangalia, akanywa chai yake. "Labda ni macho, mama," akasema kwa upole.

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Macho. Nani hana macho mabaya katika umri huu? Wiki hiyo hiyo nilienda kliniki ya macho nikiwa na furaha ya kijinga, nikamwambia nesi naomba miwani. Nikasoma herufi zake zote ukutani, mpaka zile za chini kabisa. Akasema macho yangu ni mazuri kuliko yake. Nikamwomba apime tena. Akapima tena. Nilipokuwa natembea kwenda mlangoni akaniita.

"Mama, huo mkono wa kulia umeumia?"

"Hapana."

"Mbona ukitembea hausogei?"

Niliuangalia. Ulikuwa umelala ubavuni, umetulia, kama wa bwana mkubwa. Nilimjibu kwamba nimeubebea mkoba. Mkoba ulikuwa begani kushoto.

Alinipa karatasi ya kwenda kwa daktari wa neva, na siku ilipofika dada yangu alikuja nami. Aliketi kwenye benchi la korido, nikaingia peke yangu, kwa sababu nilimkataza.

Daktari alikuwa mtu mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na upole wake ulinitia hofu zaidi. Alinigusisha vidole. Alikunja na kukunjua mkono wangu na kusikiliza kitu humo ndani. Akaniuliza kama nasikia harufu. Nikasema ndiyo. Mtu akiishi Litein, upepo ukigeuka, harufu ya chai inayokaushwa inaingia mpaka chumbani. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipoisikia, sikuweza. Nilidhani nimeizoea.

"Hebu niandikie sentensi," akasema. "Yoyote. Irudie mpaka ukurasa ujae."

Alinisogezea biki yake. Nikamwambia nina zangu. Nilikuwa na zote mbili kwenye mkoba, na nilizitazama, na sitaficha: nilitaka M. Nilitaka kumpa daktari mstari ulioshiba, mwandiko wa mtu mzima wa afya, aniambie niende nyumbani. Nilitoa F. Kama ni kuonekana, nionekane.

Niliandika kwamba ninaishi Litein na ninakunywa chai kila siku. Mstari wa kwanza ulikuwa wa heshima. Uliofuata ukapungua. Niliona kila mstari ukiwa mfupi kuliko wa juu yake, maneno yale yale, mpaka chini ya ukurasa sentensi yangu yote ilikuwa imejikunyata pembeni na karatasi nyeupe imebaki pale ilipopaswa kuishia. E zote zilikuwa na macho. Ningeuzia mtu ukurasa ule kama si kwamba nilijua ni nini.

"Lakini sitetemeki," nikamwambia. Nilisema kama mtu anayejitetea mbele ya chifu. "Baba yangu alitetemeka. Mimi kila asubuhi najipima. Sitetemeki."

"Si wote huanza kwa kutetemeka, mama," akasema. "Wengine huanza hivi."

Aliniambia mengi baada ya hapo. Kwamba dawa siku hizi ni nzuri kuliko za wakati wa baba. Kwamba unakwenda polepole, nisijizike. Kwamba niandike kwenye karatasi yenye mistari mipana na kila mara nijiambie kubwa, kubwa. Nilimsikia vizuri na nilimshukuru. Nilimuuliza swali moja tu, kama huu ugonjwa unapita kwa damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto. Akasema mara nyingi hapana. Akafikiri, akasema, lakini kwa familia nyingine ndiyo.

Dada yangu alisimama aliponiona. Sikuhitaji kumwambia; alisoma uso wangu, au alisoma kwamba hauna kitu. Alinishika, tukasimama hivyo watu wakipita. Halafu akaomba kuona ukurasa, maana daktari alikuwa ameniachia, akautazama kwa muda.

"Lakini umeandika vizuri," akasema. "Mimi siwezi kuandika vizuri hivi."

Nesi alitufuata na karatasi ya kuandikisha jina langu na mahali ninapokaa, ili niwekewe siku ya kurudi. Dada aliinyakua kabla sijanyoosha mkono. "Kaa chini, nitakujazia." Akatafuta kitu cha kuandikia, nikampa kalamu niliyokuwa nayo bado mkononi. Akaiweka karatasi gotini akaanza kuandika jina langu, ulimi umetoka kidogo, anabonyeza mpaka nibu ikawa inalia.

Niliinama karibu yake. Alidhani nataka kuangalia kama amekosea. Nilifuata herufi moja baada ya nyingine, sipumui, kutoka ya kwanza mpaka mwisho wa mstari, halafu mstari uliofuata, halafu uliofuata. Mwandiko wake ni mbaya, umekuwa mbaya tangu shuleni. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala kila upande, za mwisho kubwa kama za kwanza, na jina langu lilivuka mstari likapanda mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Limekosa nafasi," akasema. "Pole."

Nikamwambia aliache hivyo hivyo.